Uwanja Ukigeuka Kiwanja

Wanafunzi wa isimu hupenda kumtega mwalimu wao kwa maneno. Muhula mmoja kijana mmoja alisimama darasani akaniuliza ni kwa nini Kiswahili, lugha inayosifiwa kwa wingi wa msamiati, hutumia neno moja, kiwanja, kwa mahali pa kuchezea mpira na pia kwa kipande cha ardhi kinachongoja kujengwa nyumba. Nilimjibu kama walimu tunavyojibu. Nilimweleza kwamba uwanja ni mahali palipo peupe na wazi, kwamba kiambishi ki- hukata kipande kutoka katika kile kikubwa, na kwamba tukitaja wingi, watu wengi husema viwanja tu na tofauti yenyewe hutoweka. Jibu langu lilikuwa sahihi lakini halikumtosheleza. "Basi, Daktari," akasema, "wanyakuzi walifunzwa na lugha." Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, kisha nikarudi ofisini nikiwa sina raha.

Nimelikumbuka swali la kijana yule mara nyingi nikifuatilia mzozo uliozuka Wimbledon, kusini-magharibi mwa London, juu ya ardhi ya klabu ambayo jina lake hujulikana hata na mtu ambaye hajapata kushika raketi maishani mwake. Klabu ya All England iliasisiwa mwaka 1868 kwa mchezo wa kroke, ikaandaa mashindano yake ya kwanza ya tenisi mwaka 1877, na tangu 1922 imekuwa katika makao yake ya Church Road. Ng'ambo ya barabara hiyo ipo bustani pana yenye ziwa, ambayo mandhari yake yalipangwa katika karne ya 18 na Lancelot Brown, yule fundi aliyepewa lakabu ya Capability. Sehemu moja ya bustani hiyo ni ya umma, na watoto wa mtaa huchezea humo. Sehemu nyingine, kiasi cha ekari 73, ilikodishwa kwa klabu ya gofu, na hii ndiyo chanzo cha maneno yote.

Mwaka 1993 baraza la mtaa wa Merton, ambalo ndilo lililoimiliki ardhi ile, liliiuzia klabu ya tenisi sehemu ya gofu kwa pauni milioni 5.2. Wachezaji wa gofu walibaki na haki yao ya kukodi, iliyokuwa idumu hadi 2041. Lakini mauzo yale hayakuwa matupu. Klabu ilitia sahihi sharti lililofungamanishwa na ardhi yenyewe: kwamba haitatumiwa kwa jambo lolote ila michezo na burudani au kuwa mahali pa wazi, na kwamba hapatajengwa jengo lolote isipokuwa lile la kusaidia matumizi hayo, tena lisilowapunguzia watu kwa jumla hisia ya upana na uwazi wa mahali pale. Namwomba msomaji alitazame sharti hilo kwa makini. Watu kwa jumla hawakuwa na ruhusa ya kuingia katika uwanja wa gofu. Walichohifadhiwa ni haki ya kupita kando yake, kutazama, na kuona kwamba mji umeachiwa mahali pa kuvuta pumzi.

Miaka 25 ikapita. Mnamo Desemba 2018 wanachama wa klabu ya gofu walipiga kura kuiachilia haki yao ya kukodi kabla ya muda wake, kwa malipo ya pauni milioni 65, ambazo zikigawanywa zilimpa kila mwanachama takriban pauni 85,000. Sina ugomvi nao. Mtu akipewa fedha kama hizo ili aache kupiga kijipira, ni wangapi kati yetu tungekataa? Klabu ya tenisi ikaja na mpango wake: nyanja mpya 39, zikiwamo 38 za nyasi na uwanja mmoja mkubwa wa watazamaji 8,000, pamoja na bustani mpya ya umma ya zaidi ya ekari 20. Shabaha mojawapo ni kuyaleta nyumbani mashindano ya kufuzu, ambayo huchezwa Roehampton, mbali na uwanja mkuu.

Hapo ndipo wakazi walipogutuka. Ardhi ile imekatwa na mpaka wa mabaraza mawili, kwa hivyo ilibidi ruhusa iombwe kwa yote mawili. Merton, ambako sehemu kubwa ya ardhi imo, walikubali mnamo Oktoba 2023. Mwezi uliofuata Wandsworth wakakataa. Jambo likapanda ngazi hadi kwa utawala wa jiji la London. Meya Sadiq Khan alijitenga na uamuzi huo kwa kuwa alikuwa amekwisha kuuunga mkono mpango hadharani, na naibu wake, Jules Pipe, akautolea idhini Septemba 2024. Wakazi waliojiunga katika chama chao cha Save Wimbledon Park wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2025 wakashindwa. Shauri jingine, lililohusu swali kama ardhi ile ni amana ya umma, lilipangiwa kusikizwa Januari 2026. Ninayotaka kuyasema leo hayategemei ni nani anayeshinda kesi gani.

Msomaji ana haki ya kuuliza: Wimbledon yatuhusu nini sisi, ambao tenisi wengi wetu huiona kwenye televisheni wiki mbili kwa mwaka, na ambao tuna mizozo yetu ya ardhi isiyohesabika? Jibu langu ni kwamba sheria zetu za ardhi zimechota mengi katika kisima kile kile, na hata umbo la vilabu vyetu, pamoja na kamati zao, ada zao na geti lenye mlinzi, lilikuja kwa meli ile ile. Kuna sababu nyingine pia. Kule karatasi ziko mezani. Mtu anaweza kufuata ni nani aliuza, lini, kwa bei gani na kwa sharti gani. Hapa kwetu aghalabu tunaanza kuuliza wakati mabati yamekwisha kuzungushwa na tingatinga linanguruma.

Katika hukumu ya Julai 2025 mna jambo ambalo wenzangu wa taaluma ya maana wangelifurahia. Wakazi walidai kwamba naibu meya hangeweza kuidhinisha mpango ambao sharti la 1993, na amana kama ipo, yangeuzuia. Mahakama haikukubali. Kwa ufupi ilisema kwamba idhini ya mipango ni kitu kimoja, na haki ya mwenye ardhi kujenga juu ya ardhi iliyofungwa kwa sharti ni kitu kingine. Mwenye kutoa idhini aliruhusiwa kuliacha swali hilo la pili lijadiliwe mahali pake. Nakiri kwamba kisheria tofauti hiyo ina mantiki. Lakini tazameni inavyofanya kazi katika vinywa vya watu. Baada ya siku ile, mazungumzo yalisikika kana kwamba ruhusa imekwisha kuwa haki. Maneno haya mawili hatuyatenganishi vya kutosha hata sisi. Mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Nina ruhusa ya kaunti," naye akimaanisha kwamba mjadala umefungwa?

Mgala muue na haki umpe. Klabu ya All England si genge la wanyakuzi. Ililipa fedha, iliyaweka mambo yake hadharani, iliita mikutano na ikayafanyia mpango wake marekebisho. Ardhi inayozungumziwa ilikuwa imefungiwa umma kwa miaka mingi kwa ajili ya wanachama mia kadhaa wa gofu, na mpango wa klabu ungewafungulia wananchi sehemu ambayo babu zao hawakuikanyaga. Klabu imeahidi pia kulifukua ziwa lililojaa tope na kuyarudishia mandhari ya Brown sura yao, na si siri kwamba bustani ile imo katika orodha ya turathi za Uingereza zilizo hatarini. Tena haifai kudharau hoja ya mchezo wenyewe. Kati ya mashindano manne makuu ya tenisi duniani, ni Wimbledon peke yake ambayo wachezaji wanaotafuta kufuzu hupelekwa mahali pengine. Kijana wa miaka kumi na minane anayeshindania nafasi yake ya kwanza anastahili kuiona nyasi ile kwa karibu.

Hayo yote nayakubali. Hata hivyo hayajibu swali lenyewe. Ahadi ni deni, na deni halifutwi kwa mdaiwa kumpa mdai zawadi aliyoichagua mwenyewe. Lau klabu ingetaka kujifungua kutoka katika sharti la 1993, njia ilikuwa wazi: iende kwa wale ambao sharti liliwekwa kwa ajili yao, iwaambie kinagaubaga kwamba ahadi tuliyowapa sasa inatuzuia, mnataka nini ili mtuachilie? Badala yake, mabishano yamekuwa juu ya kama sharti lina nguvu, kama amana ipo, kama uwanja wa watazamaji 8,000 ni jengo "la kusaidia" tu. Ukisikia mtu aliyetia sahihi akianza kupima urefu na upana wa maneno ya sahihi yake, jua kwamba keshaamua kuondoka, anatafuta mlango.

Nimelitaja neno amana. Hili ni neno la kutazamwa vizuri, kwa sababu Kiswahili hapa kina hazina ambayo hatuitumii. Amana ni kitu chako ulichokiweka mikononi mwa mwingine akutunzie. Aliyekishika anaweza kukizungushia ua, kukipalilia, kukilinda, lakini hawezi kukiuza kama chake. Lina udugu na imani na uaminifu, na si kwa bahati. Na watu wa pwani yetu wanalo neno jingine lenye nguvu zaidi, wakfu, ambalo kwalo mtu huiondoa ardhi kabisa katika soko, ikawa haiuzwi wala hairithiwi, faida yake ikawaendea wale waliotajwa. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba wazo la ardhi isiyouzika ni ndoto ya wazungu wapenda miti. Mijikenda wana kaya zao, na mijini tuna misikiti iliyosimama juu ya wakfu tangu kabla ya reli.

Kuhusu amana ya aina hii Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu mnamo Machi 2023 ambayo ilistahili kusomwa hapa kwetu zaidi ya ilivyosomwa. Ilihusu kipande cha uwanja wa burudani katika mji wa Shrewsbury. Baraza la mji lilikuwa limeiuza ardhi hiyo kwa mjenzi mwaka 2017, na mjenzi akapewa idhini ya kujenga nyumba. Sasa, sheria ya mwaka 1972 inalitaka baraza linalotaka kuuza mahali pa wazi litangaze nia yake katika gazeti la mtaa kwa wiki mbili mfululizo, kisha lisikilize pingamizi. Baraza lile halikutangaza. Lilikuwa halijui hata kwamba ardhi ile ilikuwa amana ya umma. Mahakama ikaamua kwamba haki ya umma haikufa kwa kuwa tu ardhi imebadilisha mwenyewe. Iliuzwa pamoja nayo, kama mdudu ndani ya embe. Idhini ya ujenzi ikabatilishwa. Hukumu hii ndiyo iliyowatia moyo wakazi wa Wimbledon kudai kwamba bustani iliyonunuliwa na mji wao zaidi ya miaka mia moja iliyopita iliuzwa 1993 ikiwa bado na amana ndani yake. Klabu inakana.

Matangazo mawili ya gazeti! Kosa la kutochapisha aya chache limeweza kuzuia nyumba zisijengwe. Wapo watakaosema huo ni ushabiki wa taratibu. Mimi naona kuwa ndipo palipo kiini cha mambo. Sharti la Wimbledon lilizungumzia uwazi wa ardhi. Sheria ya matangazo inazungumzia uwazi wa mauzo. Kiingereza kina maneno tofauti kwa mambo haya mawili. Kiswahili kimeyapa neno moja, na safari hii, tofauti na kiwanja, lugha yetu haikumfunza mtu wizi. Imefunza kwamba mahali pa wazi hulindwa kwa shughuli za wazi.

Turudi nyumbani. Katika mji nilikosomea shule ya msingi palikuwa na klabu ya wafanyakazi. Ilikuwa na ukumbi, uwanja wa tenisi wenye seng'enge, na nyuma yake uwanja wa mpira uliokuwa hauna ua. Tenisi ilikuwa ya wanachama. Mpira ulikuwa wa yeyote aliyefika na miguu miwili. Mzee mmoja alikuwa akikata nyasi kwa fyekeo, na siku za Jumamosi alichora mistari kwa majivu. Timu ya mtaa wetu iliufanya uwanja ule kuwa kwao, na hapakuwa na mtu aliyeuliza una kadi gani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini waliletwa wapimaji. Tukaona vigingi. Tukacheza tukivikwepa. Kisha yakaja mabati, kisha mawe ya kujengea, na mwaka uliofuata palikuwa na safu ya maduka mbele na nyumba za kupangisha nyuma. Kamati ya klabu ilisema ni maendeleo. Ukumbi ulipakwa rangi na ukapata meza ya biliadi. Timu ilihamia kando ya mto, mvua ikaja ikawafukuza, na baada ya misimu miwili hapakuwa na timu.

Sijui mtu aliyeonyeshwa hati. Wazazi wetu hawakuwa wajinga. Baadhi yao walikuwa makarani na walimu. Walinyamaza kwa sababu walijiuliza: sisi si wanachama, tutaingilia vipi mali ya klabu? Na swali hilo hilo ndilo Mahakama Kuu ya Kenya ilimwuliza Wangari Maathai mwaka 1989, alipojaribu kulizuia jumba la orofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Mahakama ilimfukuza ikisema hakuwa na haki ya kushtaki, kwani hangeumia kuliko mwananchi mwingine yeyote. Ifikirieni hoja hiyo. Kitu kikiwa cha watu wote, hakuna hata mmoja anayeweza kukitetea! Jumba halikujengwa, lakini hilo si kwa sababu ya mahakama. Ni kwa sababu mama yule aliendelea kuandika barua na kupiga kelele, huku akitukanwa bungeni, hadi wafadhili wa ng'ambo wakaona aibu.

Tumesonga mbele tangu hapo, na ni vyema tuseme hivyo. Katiba ya 2010 imemfungulia kila mtu mlango wa mahakama kwa niaba ya umma, na katika mambo ya mazingira mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Tume ya Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitolewa 2004, ilitupa orodha ndefu ya ardhi za umma zilizogawanywa kinyume cha sheria. Lakini Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, jijini Nairobi, walilazimika kuusukuma kwa mikono yao ukuta uliokuwa umejengwa kwenye uwanja wao wa michezo, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Katiba ilikuwa haijatimiza miaka mitano. Wengi wa watoto wale walikuwa wakubwa kuiliko kwa miaka michache tu.

Uwanja wa shule ya umma, hata hivyo, hauna utata: ni wa umma na kuuchukua ni wizi. Viwanja vya vilabu ndivyo vinavyotupiga chenga. Vilabu vingi vya michezo nchini, vile vya gofu vya miji ya zamani, vya reli, vya mashirika, vya jumuiya mbalimbali, vimekalia ardhi ambayo ilitolewa na serikali au mabaraza kwa muda wa miaka mingi, na hati ikataja matumizi yake. Ardhi ilitolewa kwa sababu ya mchezo. Siku ambayo kamati inaamua kwamba robo ya uwanja iwe jumba la biashara, haiuzi tu kilicho chake. Inauza pia ile sababu, ambayo haikuwa yake. Sheria inataka badiliko la matumizi ya ardhi litangazwe, na hutangazwa kweli. Nimezoea kuyasoma matangazo hayo. Huwa na maandishi ya ukubwa wa chungu, kwa Kiingereza cha mawakili, yakitaja ardhi kwa nambari ya usajili ambayo hata anayeishi kando yake haijui. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba hiyo hiyo. Mtu aliyelelewa akicheza mpira mahali panapoitwa Kwa Klabu atajuaje kwamba nambari ile ndiyo Kwa Klabu?

Ndiyo maana watu wa mijini wamejitungia tangazo lao. Msomaji ameyaona maandishi makubwa ya rangi nyekundu ukutani au kwenye geti: Ploti hii haiuzwi. Wageni huyacheka. Sisi wa isimu tunajua kwamba mtu hakanushi jambo ambalo hakuna anayelitarajia. Mke haandiki mlangoni kwamba mume wake haliwi. Mwenye ploti anaandika kwa kuwa anajua kwamba leo hii, mahali fulani, yupo anayeiuza.

Sikubaliani na wale wanaosema klabu isiguse hata jani. Vilabu vyetu vingi ni maskini, vinadaiwa kodi za ardhi na kaunti, paa zinavuja, na wanachama wazee wanafariki pasipo wa kuwarithi. Huenda njia ya kuokoa ekari kumi ni kuitoa moja. Wimbledon nako huenda bustani iliyofunguliwa kwa umma ikawa bora kuliko gofu iliyofungwa. Ningekuwa mkazi wa kule, ningeweza kushawishika. Ningetaka tu kuombwa. Ningetaka klabu inijie ikiwa na ile karatasi ya 1993 mkononi, isinifiche sharti nyuma ya ukubwa wa jina lake, na ikubali kwamba naweza kusema la. Na ningetaka uwanja ule wa watazamaji 8,000, ambao ndio unaoling'oa sharti kwenye mzizi, usianze kuchimbiwa msingi kabla jibu hilo halijapatikana.

Kwa vilabu vya hapa nchini ninaomba kidogo zaidi. Kaunti zichapishe majina ya nyanja zote za michezo zilizo juu ya ardhi iliyotolewa kwa umma au kwa vilabu, kwa majina yanayotumiwa na watu, na pembeni yake matumizi yaliyoandikwa katika hati. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo, ila limefungiwa. Na kamati yoyote inayotaka kujenga iitishe mkutano Jumamosi alasiri, pale pale uwanjani, si katika ukumbi wa wanachama. Ramani itundikwe kwenye mlingoti wa goli. Mwenyekiti aeleze kwa Kiswahili ni ekari ngapi zinatoka, zinakwenda kwa nani na kwa bei gani, na wale waliokuja na viatu vya mpira begani waruhusiwe kuuliza maswali kwanza.